Makaburi ya Upande Wetu

Mtaani Kiponda hakuna aliyepata kumwita Darwesh shekhe. Walimwita Darwesh Zege, kwa sababu alipima zege miaka thelathini ya maisha yake, na kwa sababu watu wa Mji Mkongwe hawamwachi mtu hivi hivi bila ya kumpachika jina. Kwa hiyo Jumamosi ile, saa nne za asubuhi, Rawiya binti yake alipopanda ngazi na kumwambia, "Baba, yupo mgeni chini anamuulizia Shehe Darwesh," mzee hakuuliza ni nani. Aliweka kikombe chini. Dunia nzima palikuwa na mahali pamoja tu alipoitwa hivyo, na mahali penyewe sasa pamefunikwa na maji.

"Mwanamke?" aliuliza.

"Mwanamke mtu mzima. Anasema katoka bara, kusini kabisa, kule mpakani. Jina lake Biasha."

"Mpandishe," alisema Darwesh. Akavaa kofia, akaivua, akaivaa tena.

Inafaa tuseme mapema, asije akahukumiwa kabla ya kusikilizwa. Darwesh hakuwa mtu mbaya. Kazi yake aliifanya kwa uaminifu ambao wengi wetu tunausikia tu kwenye mawaidha. Zaidi ya miaka kumi iliyopita aliajiriwa kwenye ujenzi wa bwawa la umeme, katika mto unaotenganisha nchi mbili, huko kusini. Ukuta wa bwawa lile haukuwa na tao wala nguzo ya kuushikilia. Ulisimama kwa uzito wake wenyewe, mto mzima ukiusukuma nao haujongei. Ukuta wa namna hiyo hauvumilii zege la kubahatisha. Lilimwagwa kipande kwa kipande, kila kipande kikasubiriwa kipoe, na kwenye kila kipande Darwesh alichukua sampuli, akazihifadhi majini, kisha akazivunja kwa mashine moja moja, siku ya saba, siku ya ishirini na nane, siku ya tisini. Wahandisi wakimbana awape jibu mapema, aliwajibu vilevile kila mara: "Siku ishirini na nane. Kabla ya hapo mimi sijui." Neno "sijui" lilimtoka bila ya tabu yoyote, na hakuna aliyemdharau kwa kulisema.

Shida ilikuwa ni kwamba alilisema maabara tu.

Karibu na kambi ya ujenzi palikuwa na kijiji cha Waislamu, na msikiti wao mdogo wa bati. Upande wa pili wa mto, ng'ambo, katika nchi nyingine, palikuwa na kijiji kingine cha ndugu zao wale wale, maana mpaka waliuchora watu waliokuwa mbali, na waliooana mtoni hawakuulizwa. Darwesh alikwenda kuswali Ijumaa ya kwanza na kanzu yake nyeupe, ndevu zake na sura yake ya Kimanga. Na jina lenyewe Darwesh, jina la wachamungu. Alipoombwa asome, herufi zikatoka kila moja mahali pake, kama alivyofundishwa kwa bakora kwenye chuo cha Kurani. Alikuwa amesoma walichosoma watoto wote wa mtaani kwao: msahafu hadi mwisho na vijitabu viwili vya udhu na swala, basi. Kwa Unguja hicho ni kiasi cha kumwezesha mtu asiaibike msikitini. Kule mtoni akaonekana bahari ya elimu, kwa kuwa tu ametoka Unguja.

Wiki ya pili wakamwita shehe. Aliwakataza mara moja, kwa sauti ya mtu anayeomba asisikilizwe. Walimvika kilemba cha ukoka, naye aliinamisha kichwa kimwenee vizuri. Wazee waliokuwa na umri wa baba yake wakawa wanaupokea mkono wake kwa mikono miwili, na yeye, ambaye kwao hapewi hata nafasi ya mbele kwenye maulidi, akaona si vibaya kupewa heshima kidogo ugenini.

Kisha likaja suala la makaburi.

Bwawa likijaa, vijiji vyote viwili vingezama. Watu walishajengewa nyumba juu, kwenye miinuko. Ofisi ya mradi ikatoa fomu: kila mwenye maiti wake na aandike, watafukuliwa kwa heshima na kuzikwa upya huko juu. Asiyetaka, asiandike. Upande wetu wa mto palikuwa na makaburi thelathini na saba. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, wazee wakamkalisha Darwesh mbele, wanawake wakakaa nyuma ya pazia, na mzee mmoja akamuuliza: "Shehe, dini inaturuhusu kuwafukua hawa watu wetu?"

Darwesh hakujua. Hakupata kulisoma jambo hilo popote. Alichokuwa nacho ni maneno ya bibi yake mzaa mama, aliyekuwa akisema maiti akilazwa amelazwa. Lakini macho ya watu sabini yalikuwa usoni pake.

"Maiti hafukuliwi," alisema. "Akishalazwa amelazwa. Ardhi yote ya Mungu, kavu na iliyo chini ya maji. Wallahu aalam."

Maneno yale ya mwisho wanavyuoni huyasema kukiri kwamba ajuaye ni Mungu peke yake. Darwesh aliyatia kama watu wanavyotia iliki kwenye chai. Fomu zikarudi ofisini tupu.

Mwezi mmoja baadaye alipewa likizo, akaja Unguja. Alasiri moja, wakiwa wamekaa msikitini, akamuuliza Shekhe Amour, mtu aliyemaliza umri wake katika vitabu, akijifanya anauliza ya watu wengine. Shekhe Amour hata hakufikiri sana. "Kufukua kaburi bila ya sababu ni haramu. Lakini yakiwa yanakuja maji, ruhusa ipo. Waliokufa vitani zamani za Mtume walihamishwa kwa sababu ya mafuriko. Nani kawaambia watu haifai?"

"Mtu tu," alisema Darwesh.

"Basi huyo mtu na akawaambie watu ukweli upesi, kabla maji hayajafika."

Alirudi mtoni akiwa ameshapanga maneno. Milango ya ukuta ilikuwa ifungwe baada ya siku kumi na moja. Na jambo la kwanza aliloliona asubuhi ya pili lilikuwa ng'ambo: watu wa kijiji cha pili, waliokuwa na shehe wao wa kweli, wamejipanga na majembe. Wanachimba, wanasoma, wanawafunga watu wao katika sanda mpya na kuwapandisha mlimani, na itikio la kisomo linafika mpaka kambini. Watu wa upande wetu walisimama ukingoni wakitazama. Mchana wake Biasha akamfuata Darwesh kwenye lango la kambi. Alikuwa amemzika mtoto wake, Tahiya, wa miaka minne, miezi sita tu nyuma, amekufa kwa homa.

"Shehe," alimwambia, "wenzetu wanahamisha."

Hapo ndipo pa kusema. Hapakuwa na watu sabini, alikuwa mwanamke mmoja na mlinzi anayesinzia. Darwesh akafungua kinywa, akaiona sura yake mwenyewe ikivuka kijiji kizima, mlango kwa mlango, shehe aliyedanganya. Akasema, "Kila watu na shehe wao, Bi Biasha."

Biasha akashukuru, akarudi kwake. Siku zilizobakia zikapita, milango ikafungwa, maji yakaja polepole, kwa siku nyingi, bila ya haraka yoyote.

Ndiye mwanamke huyu aliyekuwa sasa anapanda ngazi za Kiponda, ameshika ukuta, anapumua kwa nguvu.

"Shikamoo, Shehe."

"Marahaba, Bi Biasha. Karibu. Karibu ukae."

Alikuwa amekonda, na nywele zilizochungulia ukingoni mwa mtandio zilikuwa nyeupe. Rawiya akamletea maji na chai na visheti, akaketi pembeni, kwa adabu ya nyumba yenye mgeni wa kike. Biasha akaeleza safari yake: siku mbili za basi, kisha meli, akalala kwa mtu wa kwao Jang'ombe. "Nikawauliza, wapi kwa Shehe Darwesh? Wananiambia hakuna shehe wa jina hilo, yuko Darwesh Zege. Nikasema basi ndiye huyo, huku kwenu mashehe ni wengi mpaka mnawaita kwa kazi zao."

Rawiya akacheka kidogo. Baba yake hakucheka.

Biasha akaitazama feni iliyokuwa ikizunguka juu ya vichwa vyao. "Nimesikia umeme wa huku unatoka bara. Ndio ule wetu?"

"Haujulikani," alisema Darwesh. "Unachanganyika wote. Mtu hawezi kusema huu umetoka wapi."

"Haya," alisema Biasha, na akaendelea kuitazama.

Alipomaliza chai ndipo alipolileta lililomleta. Mwezi uliopita yeye na dada yake walifiwa na kaka yao mkubwa ng'ambo. Dada huyo, Mayasa, anayeishi huko, ndiye mwenye nyumba ya msiba. Mayasa alimhamisha mume wake wakati ule, amemlaza mlimani, na kila sikukuu anapanda na wanawe kumzuru. Biasha yeye huenda ukingoni mwa bwawa. Mwanzoni kulikuwa na mkorosho, ulikuwa karibu na kaburi, na kilele chake kilibaki nje ya maji miaka miwili, kwa hiyo alijua pa kuelekea. Kisha mkorosho ukaoza ukaanguka. Sasa anasoma Fatiha akiyatazama maji yote, hajui mwanawe yuko upande gani.

"Msibani tukagombana, jambo dogo tu la ubwabwa," alisema. "Dada akaniambia mbele ya watu: mimi wangu nimemlaza mlimani, wewe wako umempa samaki." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Tangu siku hiyo sijalala usingizi wa kuitwa usingizi. Watu wananitazama. Mimi sikumwacha mtoto wangu, Shehe. Mimi nilifuata dini."

"Nnajua," alisema Darwesh.

"Ndiyo nimekuja. Sitaki kitu kingine. Nataka useme tena yale maneno, kwa sauti yako na kile Kiarabu chako, nimtumie Mayasa kwenye simu. Akikusikia atanyamaza, na mimi nitalala." Akatoa simu mkobani, akaibonyeza, akaiweka juu ya meza baina yao. "Imeshaanza kurekodi. Sema tu."

Na tuseme kweli, lilikuwa jambo jepesi. Sentensi tatu. Mwanamke angeshuka ngazi zile amepona, dada angefumba mdomo, na Shekhe Amour alishakufa, Mungu amrehemu, hakuna wa kuja kusahihisha. Mimi ninayesimulia sina hakika kama ningemlaumu mzee angelisema. Darwesh alilifikiria. Alilifikiria muda mrefu mpaka Rawiya akamtazama.

Kisha akavua kofia, akaiweka gotini.

"Bismillahi. Mimi ni Darwesh bin Hamid, wa Kiponda, Unguja. Nnamwambia Bi Mayasa na kila atakayesikia. Mimi si shekhe. Sikupata kuwa shekhe. Nlikuwa mpima zege. Mliniuliza jambo nisilolijua, nkaona haya kusema silijui. Nkakwambieni maiti hafukuliwi. Haikuwa hivyo. Kwa maji yanayokuja, ruhusa ilikuwapo, na ng'ambo walifanya sawa. Bi Biasha hakumwacha mwanawe. Alinitii mimi. Kosa langu."

Feni ikazunguka. Rawiya alikuwa ameinamisha uso. Biasha hakugusa simu, alibaki ameitazama, na machozi yakamtoka bila ya sauti, yakimwagikia mikononi na yeye hayafuti.

"Kumbe ruhusa ilikuwapo," alisema hatimaye.

"Ilikuwapo."

Na unajua alifanya nini? Hili ndilo Darwesh hakulitegemea, alikuwa amejitayarisha kwa matusi. Biasha akavuta pumzi na akaanza kumpoza yeye.

"Basi, Shehe. Usijiumize. Binadamu anakosea. Hukufanya kwa ubaya, ulisema ulivyodhani. Na hata ulipokuja kujua, maji yalikuwa yameshapanda, ungefanya nini? Usingeweza kuyarudisha." Akajifuta uso. "Afadhali umesema. Mayasa atasikia kwamba sikumwacha. Mimi hilo linanitosha."

Rawiya akashusha pumzi, akainuka kukusanya vikombe. Darwesh angeweza kunyamaza hapo. Alikuwa ametoa nusu ya mzigo na nusu hiyo imepokewa kwa wema kuliko alivyostahili. Alianza hata kusikia wepesi kifuani, wepesi ambao hakuusikia kwa miaka tisa, na wepesi huo ukamtia hofu, kwa sababu alijua umetoka kwa mtu asiyejua anachokisamehe.

"Kwani ulikuja kujua lini?" aliuliza Biasha. Aliuliza hivi hivi tu, kama mtu anavyomuuliza mwenziwe kafika lini safarini, na mkono wake ulikuwa unaielekea simu.

"Kabla," alisema Darwesh.

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya milango kufungwa. Nlikwenda likizo, nkauliza, nkaambiwa. Nliporudi zilikuwa zimebakia siku kumi na moja."

Mkono wa Biasha ukasimama.

"Siku ile niliyokufuata langoni," alisema polepole. "Nikakwambia wenzetu wanahamisha."

"Nlikuwa nshajua."

"Ukaniambia kila watu na shehe wao."

"Nlikwambia hivyo."

"Kwa nini?"

Alikuwa na miaka tisa ya kutafuta jibu la swali hilo, na alishawahi kupata mengi mazuri: ratiba ya mradi, fomu zilizofungwa, fujo ambayo ingetokea kijijini. Yote yakamkimbia. "Nliona haya," alisema. "Basi. Nliona haya mbele zenu."

Rawiya alikuwa amesimama na sinia mkononi. Huyu ndiye aliyekuwa akiwaambia wanawe, fuateni babu yenu, babu yenu hakusaini zege asilolivunja. Aliliweka sinia chini pale pale sakafuni, hakumtazama baba yake.

Biasha hakulia tena. Alikuwa ametanua viganja viwili hewani, kimoja huku na kimoja kule, kama mtu anayepima kitambaa, na nafasi iliyokuwa baina ya viganja ilikuwa ndogo.

"Kaburi lenyewe lilikuwa hivi," alisema. "Udongo wake haujashika hata. Hapakuwa na haja ya fomu wala ya watu wa mradi. Ningelichimba mwenyewe na jembe langu la palizi. Siku kumi na moja za nini? Asubuhi moja ingetosha."

Darwesh akafumba macho. Alipoyafumbua, Biasha alikuwa ameshaichukua simu. Aliibonyeza, akaisogeza mbali na macho, kama wafanyavyo wenye umri wake, akaiangalia mpaka akahakikisha imekwenda. Sauti yote, tangu bismillahi mpaka asubuhi moja, ilikuwa imevuka mto na kufika ng'ambo. Kufikia swala ya magharibi ingekuwa imesikilizwa katika kila nyumba ya vijiji viwili, na thelathini na sita wengine wenye watu wao chini ya bwawa wangejua.

"Hukunizuia," alisema.

"Sikutaka kukuzuia."

Akatia simu mkobani, akajifunga buibui, akainuka. Alikataa kushikwa mkono na Rawiya. Kwao na kwetu watu hawaachani hivyo, hata maadui huagana kwa neno, na Darwesh alimfuata mpaka kwenye kichwa cha ngazi, kofia mkononi.

"Bi Biasha. Niwie radhi."

Aligeuka. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulitazama.

"Mimi?" alisema. "Mimi nimetoka hapa na langu nimelipata. Kuanzia leo hakuna atakayesema nilimwacha. Radhi kamuombe Tahiya. Yeye yuko palepale ulipomwacha."

Akaanza kushuka, ngazi moja moja, ameshika ukuta. Darwesh alisimama akizisikiliza nyayo zake mpaka zikafika chini, kisha akarudi chumbani, ambako binti yake alikuwa amekaa akimsubiri, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakumwinukia baba yake kwa heshima.